Mlango wa Nyuma wa Jengo la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba lile bega limeacha kukusumbua. Sisi huku miili haijambo. Mama anakula vizuri, presha yake imetulia, na kila asubuhi anagombana na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Amenituma nikwambie anakusalimu sana, na kwamba siku nyingine ukituma viatu uulize kwanza namba, maana vile vya mwisho vimemfaa jirani.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, Kaka. Sijafika sentensi ya pili umeshanipa dawa ya ugonjwa ambao sijautaja. Safari hii niache nimalize. Keti, soma mpaka mwisho, halafu ukasirike mara moja tu kwa yote.

Kesi ya jengo inaendelea keshokutwa, Alhamisi. Wakili atakuwa ameshakwambia kwamba mambo yanatuendea vizuri, na hakukudanganya. Sisi yanatuendea vizuri. Anayeangushiwa jumba bovu ni Mjomba Subiri, mlinzi wetu, aliyetushika mkono kuvuka barabara tulipokuwa wadogo huku akimwambia kila dereva asubiri kidogo. Keshokutwa asipopatikana mtu wa kumtetea atafungwa, na mtu wa kumtetea ni mmoja tu. Ndiyo maana nakuandikia.

Ngoja nianze mbali kidogo. Unakumbuka ilipopitishwa sheria ya majengo ya biashara, kwamba kila jengo la ghorofa lazima liwe na mlango wa dharura usiofungwa maadamu kuna watu ndani. Mlango wetu ni ule wa chuma, chini ya ngazi za nyuma. Nilikutumia picha ya cheti cha mkaguzi, ukanisifu. Sikukwambia tulivyokipata. Mkaguzi alikuwa na tabia ya kupiga simu siku moja kabla. Akipiga, tunatoa kufuli, tunafagia ngazi, naweka chungu cha maua pale chini, anapita, anausukuma mlango kwa kidole, unafunguka, anaandika. Akishaondoka, maua yanarudi dukani kwa mwenyewe na kufuli linarudi mlangoni. Wenye majengo wote wa mtaa wetu walifanya hivyo. Tulikuwa tukiazimana hata hicho chungu.

Usinihukumu bado. Wezi walikuwa wameingia kwa mlango ule mara mbili mchana kweupe, wakabeba majora ya vitambaa na cherehani ya mafundi wa ghorofa ya pili. Mafundi wenyewe walinijia juu wakitaka nifanye kitu. Nilipofunga, wakaanza kulalamika kwamba wanazungushwa. Kituo cha basi kiko upande wa nyuma, na kupita mbele ni mwendo. Basi wakawa na mchezo wao: kila mchana mmoja anashuka zile ngazi na kuupiga mlango mateke na ngumi, ili nisikie nilipo na nione aibu. Walinipa jina pia, wakaniita Bibi Kufuli. Nilijifanya silijui.

Siku ya moto uliisoma kwenye magazeti, lakini gazeti halisemi mambo yalivyo. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, waya wa mashine ya fotokopi pale chini, karibu na ngazi za mbele. Moshi ndio ulikuwa mkubwa. Ulipanda ngazi kama umeitwa. Mafundi wanne walikuwa juu. Wakakimbilia nyuma, wakakuta kufuli. Watatu walilala chini wakafunika nyuso kwa vitambaa mpaka zimamoto wakakata mlango. Wa nne, yule tunayemwita Mama Vifungo, alirudi juu akaruka dirishani. Wewe unamjua, ndiye aliyekushonea suti ya harusi na kukwambia mabega yako hayajui kukaa sawa. Mguu wa kulia umevunjika mahali patatu, na nyonga. Daktari amesema hatakanyaga cherehani tena.

Polisi walipouliza ufunguo uko wapi, Mjomba Subiri alisema ni yeye hukaa nao, huuvaa shingoni kwa kamba, na kwamba asubuhi ile aliupoteza. Wakauliza nani alimwambia afunge. Akasema alifunga mwenyewe kwa hofu ya wezi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Alipomaliza alinitazama, halafu akatazama viatu vyake.

Baadaye alinieleza kwamba aliona ni jambo dogo. Mzee kupoteza ufunguo, atagombezwa, pengine faini, tutamsaidia kulipa, yatakwisha. Wala si yeye peke yake aliyefikiri hivyo. Wakati ule hata wakili alisema ni kosa la faini.

Kisha ikatoka hukumu ya Mahakama ya Rufani. Haikuhusu jengo letu kabisa, ilihusu ghala moja walimokwama wapakiaji. Lakini majaji walitoa msimamo ambao sasa unazibana mahakama zote za chini. Walisema kwamba anayeamuru mlango wa dharura ufungwe, au anayekaa na ufunguo watu wakiwa ndani, akileta madhara ni kifungo, hakuna faini. Akiwa ni mwenye jengo, jengo nalo linanyang'anywa leseni, na walioumia wanaweza kulidai. Lakini mtumishi akifunga kwa akili yake bila mwenye jengo kujua, mzigo ni wa mtumishi peke yake. Wakili alinipigia simu siku hiyohiyo akicheka, akasema majaji wametuokoa. Kwa sentensi moja neno la Mjomba Subiri liligeuka kutoka faini kuwa miaka saba, naye alikuwa ameshalitia sahihi.

Wakili akanifundisha la kusema, na mwezi uliopita nikapanda kizimbani nikalisema kwa kiapo. Nilisema nilimwagiza mlinzi mara nyingi auache mlango wazi. Nilisema nilishtuka kama watu wengine kusikia ulikuwa umefungwa. Nilivaa lile gauni la bluu la msibani. Hakimu aliandika kila neno na mimi sikukosea hata moja. Mafundi waliposema kufuli ni langu, wakili aliwajibu kwamba wanatafuta fidia tu, na kwamba mlinzi mwenyewe ameshakiri. Wewe ukanitumia ujumbe kwamba nimesimama imara kama Baba. Niliusoma chooni pale mahakamani, nikaufuta.

Mkewe Mjomba Subiri alikuja wiki iliyofuata. Sikuwa tayari kwa matusi, lakini hakuja na matusi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakataa chai, akaniuliza habari za Mama. Halafu akasema mumewe halali huko rumande, anaogopa, na amemtuma aniombe jambo moja tu: nijaribu kukumbuka vizuri. Alirudia hivyohivyo, nijaribu kukumbuka vizuri, kisha akaondoka. Kaka, mtu ambaye angeweza kunianika mbele ya mtaa mzima ananiomba kwa adabu nikumbuke.

Jumamosi nikajikaza nikaenda kwa Mama Vifungo. Anakaa chumba kimoja, sasa kitanda kimesogezwa dirishani na cherehani imefunikwa shuka. Alinikaribisha vizuri, akanitania kwamba gauni langu limeshonwa na adui. Tukazungumza ya bei ya dawa, ya majirani. Nilipokuwa nafunga mkoba niondoke akaniuliza swali, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa. Aliniuliza siku ile nilikuwa wapi. Nikasema kwa msusi. Akasema kwa msusi ni pale nyuma tu, hatua kumi kutoka mlangoni. Akauliza kama niliwasikia wakigonga. Nikamwambia sikusikia.

Sasa Kaka, shika hii karatasi vizuri, maana hili linalofuata ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mjomba Subiri hakupoteza ufunguo. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Agizo la kufunga lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, naye hakulipenda. Wapangaji wakimbembeleza alikuwa akifungua kwa siri, na siku moja kabla ya moto nilimfuma akimfungulia Mama Vifungo ashushe jora la kitambaa. Nilimgombeza mbele ya watu, mzee wa umri wa Baba, nikaivua ile kamba shingoni mwake kwa mkono wangu. Nikamwambia kuanzia leo ufunguo nitakaa nao mimi, tuone nani atafungua. Kwa hiyo mtu anayeshtakiwa kwa kufunga ndiye pekee aliyekuwa akifungua.

Wala si hilo tu. Niliwasikia.

Nilikuwa kwenye kiti cha msusi, kichwa kimesukwa nusu, mkoba mapajani na ufunguo ndani ya mkoba. Wakaanza kugonga. Msusi akaniambia wapangaji wako hao. Nikasema waache wagonge, mikono ikiuma wataacha. Tukacheka. Waligonga sana kuliko siku zote, na mimi nilikasirika zaidi kuliko siku zote, nikajisemea leo ndiyo siku ya kuwazoeza. Halafu wakaacha. Nikasema si nilikwambia? Kumbe Mama Vifungo alikuwa ameacha, Kaka, amepanda juu kutafuta dirisha. Moshi tuliuona baadaye, tulipotoka kutazama watu wanakimbilia nini. Hata hapo nilichelewa kuelewa. Zimamoto walikuwa wanakata mlango na ufunguo wake uko ndani ya mkoba begani kwangu, nikashindwa kuutoa. Niliona nikiutoa wote watajua. Msusi hajanidai hela ya kusuka tangu siku ile, wala hanitazami kwenye kioo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wakili nikamweleza yote. Alifunga mlango wa ofisi kwanza. Aliniambia nimechanganyikiwa kwa uchovu, nikapumzike. Nilipoweka ufunguo mezani akaacha kunibembeleza. Akasema nikisimama Alhamisi nitashtakiwa kwa mlango, na juu yake kwa kuapa uongo, na jengo tutalisahau. Akasema nikumbuke Mama anaishi kwa kodi ya jengo lile, na kwamba Mjomba Subiri ni mzee, miaka saba kwake haitatofautiana sana na ile aliyobakiwa nayo. Alisema hilo la mwisho kwa upole kabisa, na ndilo lililonimaliza. Nilimshukuru kwa kazi yake, nikachukua ufunguo wangu nikaondoka. Amekataa kusimama nami, na simlaumu. Nitasimama mwenyewe.

Naogopa, nisikufiche. Usiku nafikiria jela, nafikiria wenzangu wa mtaani watakavyoninunia, maana nikitaja kile chungu cha maua nimewataja na wao. Lakini nikifikiria kukaa kimya naogopa zaidi. Nitakutana na yule mke wa Mjomba sokoni kwa miaka saba.

Sikuombi ushauri, na barua hii itakapokufikia Alhamisi itakuwa imeshapita. Ninachokuomba ni kimoja. Hati ya jengo ina majina mawili, lako na langu. Mama Vifungo na wenzake wakilidai, mahakama itakuletea karatasi. Usiweke pingamizi. Najua Baba alibeba mawe ya msingi ule kichwani, najua ulivyopanga kurudi na kuongeza ghorofa. Tia sahihi. Miaka yote unaniuliza unisaidie nini na mimi nasema hakuna shida. Basi nisaidie hilo. Na Mama umchukue akae nawe, hata akikataa mara tatu.

Yeye bado hajui. Kesho nitamwambia mwenyewe, asije akayapata kwa majirani.

Nisalimie wifi sana, na mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, nimekiacha kwa Mama. Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Waambie shangazi hatakuja likizo hii kama alivyoahidi. Watauliza sababu, unawajua. Waambie ukweli, Kaka, wote, hata wa kugonga.

Ni mimi, mdogo wako.