Kura ya Baba

Jumatatu, 4 Desemba
Mvua tena. Nimeosha viatu, nimepika bukari, ugali wetu, nimesoma kando ya makaa. Mwalimu wa uraia amenipa mada: jinsi katiba ilivyotufanya tuchague wabunge wa taifa sisi wenyewe. Niieleze Ijumaa, mbele ya darasa zima. Natamani kuugua.

Jumatano, 6 Desemba
Nimesoma katiba kwenye maktaba ya parokia. Baada ya vita, wakati wa mpito, wabunge waliteuliwa. Makundi yaliyopatana yaligawana viti. Kisha wananchi wakaulizwa kama wanaikubali katiba mpya. Wakakubali. Tangu hapo mbunge wa taifa anachaguliwa moja kwa moja. Seneta bado anachaguliwa na wabunge wa jimbo.
Mama anakumbuka foleni ya kwanza. Walisimama na Baba tangu alfajiri, wakagawana muhogo mmoja. Alicheka akisimulia. Siku nyingi hajacheka hivyo.
Jambo lingine nililosoma: kila mtu anapiga kura pale alipojiandikisha. Baba ni mtu wa hapa Likasi. Anaendesha lori la mgodi Kolwezi, hajaja tangu Pasaka. Kwa hiyo tarehe ishirini lazima aje! Hakuna anayeweza kumchagulia.

Ijumaa, 8 Desemba
Nilianza kwa sauti ya chini. Wa nyuma wakapiga kelele: "Madame Katiba, ongeza sauti! Tuko huku, hatuko Kinshasa!" Darasa likacheka. Mimi pia, kidogo.
Nilipofika sehemu ya wale walioteuliwa, sauti ikatoka. Nikasema zamani wabunge walipangwa kwenye chumba cha mbali, na hakuna mwananchi aliyefunga safari kwa ajili hiyo. Sasa mtu lazima aache kazi arudi kwao. Mwalimu akasema hilo la mwisho halimo kwenye katiba. Najua.

Alhamisi, 14 Desemba
Nimepiga pasi shati la Baba la bluu. Hakuna aliyenituma. Nimemwomba Mama anunue samaki wa tomsoni wa chumvi, mkubwa. Aliniangalia, kisha akanunua.

Jumapili, 17 Desemba
Baba alinipigia simu baada ya misa.
"Miye nilijiandikishaka huku, mama. Kura yangu iko Kolwezi."
Alisema kama mtu anayesema mvua inanyesha. Nikamuuliza atakuja lini. "Tutaona."
Pasaka aliiweka kadi yake mpya ya kura mezani, tukacheka sura yake kwenye picha. Mimi ninayesoma hata karatasi ya sabuni, niliangalia picha tu. Mahali alipojiandikisha palikuwa pameandikwa hapo hapo chini.
Mama alijua. Nimemkasirikia. Hapana. Nimejikasirikia mimi.
Alijiandikisha kule kama mtu anayekaa kule.

Jumatano, 20 Desemba
Wanapigia kura shuleni kwetu. Nimemsindikiza Mama. Darasa letu limekuwa chumba cha kura, na dawati langu limewekewa chupa ya wino. Wanaume walishuka kutoka Kambove na Lubumbashi na mifuko mgongoni. Mmoja aliitwa na mkewe kutoka mbele ya foleni: "Weye! Umekumbuka nyumba leo?" Watu wakacheka, naye akacheka, akamfuata.
Niliangalia kila sura iliyopita getini. Ujinga.
Mama alitoka na kidole cheusi. Usiku tulikula tomsoni, sisi wawili. Samaki alibaki mwingi.

Alhamisi, 21 Desemba
Shati nimelirudisha sandukuni. Sikulikunjua hata mara moja.

Jumatatu, 8 Januari
Shule imefunguliwa. Kwenye dawati langu kuna alama ya wino, kidole cha mtu. Wenzangu wanafuta ya kwao kwa mate. Mimi nimeiacha.
Mwalimu ameuliza nani anataka kwenda chuo kikuu. Nimeinua mkono.
Jioni nimemuuliza Mama kama mtu anaweza kusoma Lubumbashi na kujiandikisha Likasi. Alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Akasema inawezekana, ila ni usumbufu, maana kila mara utalazimika kurudi.
Vizuri.