Papa Asha, Mashini Sasa Inafika Jioni

Papa Asha,

Leo ni arobaini yako. Mama Asha amepika wali wa watu wote wa mtaa, na Buyenzi nzima imepita hapa kukuombea. Mimi nimejitenga kidogo. Nimekaa kwenye kiti chako cha karakana, kile kisicho na mgongo, nakuandikia. Usiwe na wasiwasi, hakuna aliyegusa koleo zako.

Nina habari ambayo uliondoka bila kuisikia. Mume wa Anjelina amekuja.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nataka niyaseme yote kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kufungua radio: parafujo moja baada ya nyingine.

Nilipoingia kwako mara ya kwanza nilikuwa nimebeba mashini ya kurekodi ya kazini kwenye mfuko wa kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kupita kambi za waliokimbia vita, kila mtu aseme jina lake, mlima alikotoka na ndugu anayemtafuta, kisha radio itangaze. Lakini mashini ilitumia mawe manne madogo, yaani betri, na tangu barabara ziharibike kwa vita, mawe yaliyofika sokoni yalikuwa yamechoka kabla hujayanunua. Saa moja, yamekwisha. Watu walipanga foleni tangu asubuhi, na nusu yao niliwarudisha kwenye mahema bila kusema neno.

Anjelina nilimrekodi mwisho, mawe yakiwa yanakata roho. Alikuwa kambi ya juu ya Gasenyi na mtoto mgongoni, akimtafuta mumewe Mathias waliyepotezana naye njiani. Nilifurahi kwamba angalau yeye amepata nafasi. Siku chache baada ya radio kuitangaza sauti yake, dereva mmoja alituletea ujumbe wa Mathias kutoka kusini: "Uyo si muke wangu. Anjelina ana sauti nzito. Munataka kunitega." Nani angemlaumu? Miaka hii watu wameitwa kwa majina yao, wakaenda, hawakurudi.

Nilikuja kwako na aibu kifuani. Hukunipa pole. Uliisikiliza kaseti mara moja tu, ukauliza, "Ulimurekodi wakati mawe ilikuwa inakufa?"

Nikakubali.

"Basi mota ilizunguka polepole. Ukiipiga kwa mwendo wake wa kweli, sauti inakimbia, inakuwa ya mutoto. Bwana yule hana kosa."

Kisha ukachukua bisibisi. Ulisema mashini haina njaa, ina wezi ndani yake, na ukanionyesha mmoja mmoja. Taa ndogo iliyowaka bure, ukaikata. Spika, ukaitenga, ukaniambia nisikilize kwa vile vya kuvaa masikioni. Mota ilikuwa kavu, ukaitia tone la mafuta ya cherehani. Mkanda uliolegea ukautupa, ukaweka mwingine. Halafu ukatoa mawe manne makubwa ya tochi, ukayapanga ndani ya kipande cha bomba la maji, na waya ukaupeleka kwenye tundu la mashini linalopokea umeme wa nyumbani. "Nguvu ni ileile," ulisema, "lakini tumbo ni kubwa."

Waya wa mwisho ulinipa mimi niuunge. Kwa haraka nikageuza: chanya kwa hasi. Uliniacha nitazame mpaka nikaliona kosa mwenyewe. Nilipomaliza kurekebisha uliongeza kile kidude kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. "Hii ni kwa ajili ya haraka yako, Goreti." Bado nacheka nikikumbuka.

Kesho yake tuliiwasha asubuhi, ukaiweka dirishani. Wateja waliingia na kutoka, ukaenda msikitini adhuhuri, ukarudi. Tulibadilisha kaseti moja baada ya nyingine, na kila ulipopita uliinama na saa yako kuangalia mwendo. Alasiri ilifika inazunguka vilevile. Ukaniambia, "Sasa nenda umutafute yule mama."

Anjelina alinikatalia. "Apana. Nilisema mara moja, ikanigeuza mutoto. Mi siwezi tena." Nilimweleza kwamba mashini ilikuwa mgonjwa na imepata daktari. Akafikiri sana. Kisha akasema, kwa ile sauti yake nzito, "Mathias, ni mi. Siku ya ndoa ulivaa viatu vya kaka yako, vikakuuma mpaka ukavivua ndani ya kanisa." Foleni nzima ilicheka. Siku hiyo nilimfikia mtu wa mwisho, bibi mmoja aliyekuja na kiti chake, na mawe yalikuwa bado yana nguvu. Kaseti nilizirudisha nyuma kwa kalamu, kama ulivyoagiza, ili mota isile bure.

Nilikuja kukueleza, nikakuta wamekupeleka hospitali. Presha. Siku tatu tu, Papa Asha. Sikujua mtu anaweza kwenda upesi hivyo.

Mathias aliisikia kaseti ile radioni, akafika wiki tatu baada ya mazishi yako. Anjelina mwenyewe amenisimulia: aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria, akamwona amesimama, amekonda. Neno la kwanza la Mathias lilikuwa, "Viatu vile nilivirudisha." Anjelina akakaa chini. Mtoto alimwogopa babake mpaka jioni.

Waliniomba niwarekodi tena ili wamshukuru fundi. Kaseti hiyo nilimletea Mama Asha. Aliisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho na khanga, ndipo akanieleza jambo ambalo wewe hukuwahi kunigusia. Kwamba mdogo wako Ramadhani alipanda boti ya Kigoma mwaka ule wa kwanza wa vita, na tangu hapo hamna habari.

Siku zote zile mashini ilikuwa mikononi mwako. Ulikuwa ukisema "moja, mbili, moja, mbili" kuijaribu, na hukutaja jina lake hata mara moja. Nilimuuliza Mama Asha kwa nini. Akajibu, "Alisema ile foleni ni ya wenye watoto wachanga."

Nilikukasirikia. Ningekuwa na uwezo wa kukugombeza... Basi. Imepita.

Sikiliza sasa. Jumatatu napanda boti bandarini. Kazini wamekubali niende Kigoma, niingie kambi za wakimbizi na kuchukua sauti za watu wetu wa ng'ambo ya ziwa. Nimetengeneza bomba la pili kwa mikono yangu, waya zote ziko sawa, nimezikagua mara mbili. Na Mama Asha amesema kwenye mashini. Ametaja jina la Ramadhani, la baba yenu, na la nyumba mliyozaliwa. Kila kambi nitakayoingia, watu watasikiliza kaseti hiyo kwanza, kabla sijamwita mtu yeyote.

Wengine wananiambia huenda umeshamkuta huko uliko. Kama ndivyo, msalimie. Lakini mimi nitamtafuta Ramadhani kama mtu aliye hai, mpaka atokee anayemjua aniambie vingine.

Pumzika, fundi wangu.

Goreti