Aliyeshuka Shimoni Nyarugusu

Dar es Salaam

Baba, shikamoo. Naiomba marahaba yako hapa juu kabisa, maana ukifika chini huenda ukaninyima. Goti la Mama linaendeleaje? Mvua imefika Didia, au mnaangalia mawingu tu? Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma kwa ajili ya kaka yako.

Umeniandikia mara nne kwamba Baba Mkubwa Masanja aingie kwenye ensaiklopidia tunayoitunga hapa kazini, kwa kuwa aliwaokoa wachimbaji duara, lile shimo la dhahabu, lilipobomoka Nyarugusu. Mara nne nimekujibu kwamba mhariri wangu anataka maandishi ya watu wasiotuhusu. Wewe unanitumia nini? Barua yako. Barua ya shangazi. Kalenda yenye picha yake, iliyochapishwa na rafiki yake mwenye duka pale Shinyanga mjini. Mhariri aliishika ile kalenda, akaniuliza, "Nyamizi, hawa wote si wanakula naye?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaona bora nitafute mwenyewe. Wiki mbili nimeshinda maktaba nikifunua magazeti ya zamani, vumbi hadi kooni. Nikapata habari ya mwandishi aliyefika Nyarugusu siku moja baada ya ajali. Halafu kwenye nyaraka za serikali nikapata ripoti ya mkaguzi wa migodi. Watu wawili wasiojuana, wala sisi hawatujui, na wote wameandika jambo lile lile.

Aliyefungwa kamba kiunoni akashuka ni mwanamke aliyekuwa akiuza uji pale juu, mke wa Masanja. Mwanya ulikuwa mwembamba, wanaume hawakupita. Aliwatoa mmoja mmoja. Masanja mwenyewe siku hiyo alikuwa Isaka, amefuata mzigo.

Baba, ni Mama Kulwa! Yule anayetutengea ugali kila Krismasi, kisha anarudi jikoni huku mumewe akitusimulia kamba ilivyomchubua! Hata siku moja hukumgeukia ukamuuliza?

Basi mhariri amekubali. Anaingia yeye, siyo Baba Mkubwa. Nikamwambia, "Nyumbani kutawaka moto." Akasema, "Na uwake. Haya, niambie, jina lake nani?"

Nikafunua tena karatasi zangu. Gazeti limeandika mke wa Masanja. Ripoti imeandika muuza uji. Sisi tunasema Mama Kulwa. Nimekula chakula cha mikono yake tangu utoto, Baba, na jina alilopewa na wazazi wake silijui. Nimejikasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe.

Msalimie Mama, na shangazi aliyeandika ile barua ndefu, na Kulwa na Doto. Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu hata akiikataa. Kisha uende jikoni kwake, ukae kwenye kigoda, umuulize mwenyewe jina lake. Uliandike kama anavyolitamka yeye.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,
Nyamizi