Kitambaa Kimoja cha Krismasi

Dadangu Wanjiku,

Nisamehe nimekaa sana bila kukuandikia. Tangu tukuzike nasema nitaandika watoto wakilala, halafu nalala mimi kwanza. Kufulia watu nguo hapa Gitothua kumenimaliza mikono. Lakini Krismasi imepita, na kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu.

Nyanyake Nyambura wako alituma rinda. Ndiyo, mamake yule mwanaume, yule mama aliyesema ukiwa na mimba kwamba hiyo si damu yao. Alilituma na mtu wa bodaboda, jeupe, linang'aa, na ujumbe: mtoto alivae Krismasi, na kesho yake watakuja kumchukua akaishi kwao.

Nilikaa nalo magotini nikamkumbuka Cucu, nyanya yetu. Pasta husema zawadi za Krismasi zilianza na wale mamajusi. Cucu alikuwa akicheka, anasema kwao Kalimoni zilianza na kahawa. Mavuno yakiisha ndio wachumaji walishika pesa, na wamama wakashuka Thika kununua kitambaa kwa Mhindi. Kitambaa kimoja, watoto wote wa nyumba. Hata yatima aliyeachwa hapo alikatiwa hicho hicho. "Kanisani mtu asijue nani ni wa nani." Unakumbuka kile cha manjano? Ukasema tunakaa kama mapazia.

Basi nikaenda Thika, nikanunua cha bluu. Fundi akashona rinda la Nyambura, la Wairimu wangu, na shati la Kamau mdogo wake kwa kile kilichobaki. Lile jeupe nikalirudisha na mfuko wake. Sikufichi, Nyambura alililia hadi akatapika. Akaniambia mimi si mamake. Nikamfuta mdomo, nikamvalisha la bluu, tukaenda kanisani.

Kesho yake yule mama akafika na mwanawe, wamebeba soda. Wasichana walikuwa wamesimama kando ya mlango, kimo kimoja, nguo moja. Mama akawaangalia. Akawaangalia tena. Akamuuliza mwanawe polepole, "Wetu ni yupi?"

Mwanawe akamnyooshea kidole Wairimu wangu.

Wanjiku, nilisimama mbele ya wasichana. Nikamwambia, "Mama, wenu hayuko hapa. Kunyweni chai mwende." Chai hawakugusa. Wamesema Januari tutaonana kwa chifu. Sawa. Nitafua za watu mapema, nivae, niende.

Lakini Nyambura aliona kile kidole. Siku hizi chakula anachezea tu. Nikimwosha miguu ananiuliza, "Kwani baba hanijui?" Nami naendelea kusugua kisigino kilichokwisha kutakata.

Pumzika, dadangu. Mtoto haendi popote nikiwa na pumzi, hiyo nakuahidi hata kama sijui chifu atasema nini. Sijui pia kama huko kuna njia ya kutuma kitu. Kama iko, haya ndiyo bado nahitaji: jina la yale majani ulikuwa ukimchemshia kifua kikimbana. Ule wimbo wa kumsuka, maneno ya katikati, maana nikiyakosea analia. Usingizi, hata wa jioni moja. Na jibu la kumpa kuhusu babake, lisiwe la uongo, na liwe dogo, ambalo mtoto wa umri wake anaweza kulibeba.