Yangeyange Asiyeruka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa dirishani, goti limepungua uvimbe na mumeo hakuchoshi sana kwa utani wake. Mimi mzima. Shemeji yako naye ukimtazama ni mzima, lakini ni kwa ajili yake nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, maana nikizungumza kwenye simu nasikika hadi uani.

Unakumbuka mwaka jana binti yetu alimletea baba yake ile kamera yenye lenzi ndefu. Wewe unamjua shemeji yako, dereva wa basi la shule, Jumamosi yake ilikuwa ya kukoroma. Basi akageuka mtu wa ndege wa majini. Alfajiri huyo, kwenye mabwawa ya majitaka nyuma ya mji, eti ndege wa miguu mirefu wanalipenda tope la pale. Mwanzoni alikuwa akirudi ananiita kabla hajavua viatu: njoo umwone korongo, huyu kitwitwi anachokoa wadudu, hawa bata maji wamepanga mstari kama wanafunzi. Nilikuwa namcheka, lakini nilifurahi kumwona na furaha.

Halafu akaacha kunionyesha, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Kamera ikawa inakaa kabatini chini ya sweta. Simu akawa anaishika karibu na pua, kama mtu anayeficha anachosoma. Gazeti aliacha kabisa, akisema siku hizi hakuna habari. Mara chache alizonipa kamera, aliniuliza huyo ni ndege gani, na nikimjibu anaitikia haraka haraka kisha anabadilisha mazungumzo.

Dada, wivu wangu unaujua, nimezaliwa nao. Nikaanza kunusa mashati yake nikitafuta manukato. Nilichokutana nacho ni harufu ya majitaka, nikajiuliza ni mwanamke wa namna gani huyo. Nilicheka peke yangu, ila sikuacha kunusa. Hata alipokwangua ubavu wa basi kwenye nguzo ya geti la shule, akasema mlinzi hakulifungua geti vizuri, nilijiambia moja kwa moja kwamba akili yake iko kwa huyo mtu wake.

Wiki ile ile, akiwa anaoga, niliifungua kamera. Nilikuta picha za gunia jeupe la plastiki lililonasa kwenye mti uliochomekwa topeni. Gunia hilo hilo, picha baada ya picha, asubuhi tofauti tofauti, na lilionekana vizuri mpaka nyuzi zake. Nikakata shauri kuwa hiyo ni alama. Yule mwanamke akitundika gunia, maana yake mume wake amesafiri. Usinicheke, wakati ule niliona nimewakamata.

Jumamosi nikajifunika mtandio nikamfuata. Nilimdanganya fundi wa pampu za mabwawa kwamba nampelekea mume wangu chai, ingawa mkononi sikuwa hata na kikombe, naye akanipisha. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha pampu, maneno ya kumtolea huyo mama nimeshayapanga. Shemeji yako alikuwa amelala kifudifudi juu ya tuta, kamera ameielekeza kwenye gunia. Mwanamke hayupo. Nilisubiri nikachoka, nikamwendea. Aliposikia nyayo hakugeuka. Aliinua mkono tu, akanong'ona kwamba yeyote aliyekuja asimame hapo hapo, asimtishe yangeyange, leo ametulia vizuri sana.

Yangeyange wa kweli walikuwepo, dada. Walikuwa upande wa kulia, kundi zima, weupe, wanatembea kwenye maji. Hakuwaelekezea hata jicho.

Nilikaa pale pale kwenye tope na nguo zangu nzuri. Nikamwambia hilo ni gunia. Akaniuliza kama nina hakika. Baadaye akafunguka. Alisema kwa miezi mingi sasa anaona ukungu, vitu vyote vina ukungu, na kamera inapiga picha safi kwa sababu inajirekebisha yenyewe. Hospitali haendi kwa kuogopa kisu kwenye jicho. Nikamuuliza kuhusu basi. Akasema njia ya shule anaijua kwa kichwa, kila kona na kila tuta, na akaniapisha nisimwambie mtu mpaka shule zifungwe.

Niliapa, nimemshika mkono. Lakini watoto hawasimami mahali pamoja kila siku. Jumapili nikamwambia naenda kumwona mgonjwa, nikaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu nikamwambia yote. Jumatatu wakamnyang'anya funguo za basi mpaka atibiwe.

Sijutii kwenda kwa mwalimu mkuu, na ningeenda tena. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba shemeji yako ameamua aliyemchoma kwa mwalimu mkuu ni mlinzi wa geti, rafiki yake wa miaka yote, kwa sababu ya ule mkwaruzo wa basi. Amekataa hata salamu yake. Sasa anayenusa humu ndani ni yeye: nani amekuja, nani amepiga simu, nilimwona nani njiani. Ananiamini mimi tu. Amekubali kwenda kupasuliwa wiki ijayo kwa sharti kwamba nimshike mkono mimi, aliyebaki upande wake, kama asemavyo. Nikimwambia ukweli leo, hataenda. Nikinyamaza, mlinzi anabeba mzigo wangu. Nishauri, dada, ila usipige simu.

Nilipofika hapa shemeji yako alikuja kusimama nyuma yangu. Akaweka mkono begani, akainama juu ya karatasi mpaka nikaisikia pumzi yake shingoni, na mstari wa mwalimu mkuu uko wazi mbele ya macho yake. Akaniambia mwandiko wangu umekuwa mdogo siku hizi, nimsomee. Nikamsomea, dada. Nikageuza karatasi, nikamsomea barua nzima isiyoandikwa, ya bata maji na vitwitwi na goti lako. Alifurahi. Akasema nikuongezee salamu zake, na kwamba hakuna mtu duniani asiyemficha jambo kama mimi.

Nakuongezea basi. Wasalimie watoto wote, na mumeo.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Binti