Niliandika "Ametengwa"

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, kisha nikaandika barua ya kikao cha jana kwa Mama Neema. Mimi ndiye katibu wa chama cha kuzikana, sisi watu wa kwetu tunaoishi Kinyerezi. Mwanachama mwenzetu huyo alimzika mumewe hapahapa Dar badala ya kumpeleka nyumbani. Marehemu aliusia mwenyewe. Wazee hawataki kusikia. Nilikuwa nimeandika "amesimamishwa". Mwenyekiti, Mzee Eliasi, akalikata. "Andika neno la kwetu. Ametengwa." Nikaandika, kwa mkono, vizuri kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Neema yuko darasani kwangu. Leo ameniuliza kutengwa ni nini. Nimemwambia ni kuwekwa kando kidogo. Nimemdanganya mtoto wa watu. Kwetu aliyetengwa hasalimiwi, haombwi moto, akifiwa hazikiwi. Yuko nyumbani kwake lakini kafukuzwa nchi. Na anayevuka kizingiti chake anatengwa naye. Naona aibu. Naogopa pia. Nina mama mzee kijijini. Nikitengwa, siku akifa nani atambeba?

Jumamosi, 8 Machi
Bibi yake Neema amefariki asubuhi, kwa Mama Neema. Kwenye kundi la WhatsApp kimya. Hata pole hakuna. Mzee Eliasi kaandika: "Msimamo ni uleule." Nimeandika pole mara tatu, nikafuta mara tatu. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani kabla ya sadaka. Nimekwenda kwa Mama Neema nikijua nitamkuta peke yake. Turubai limefungwa, viti vimejaa! Majirani tu, wengi Waislamu wa kusini. Wanawake wameshainjika wali. Mama mmoja wa Kilwa kaniuliza ndugu wa mfiwa wako wapi. Nikamwambia huyu katengwa.
"Ndo nini hiyo? Mtu kafiwa, sie tumwache?"
Mama Neema hakulia aliponiona. Alisema tu, "Mwalimu, mwandiko niliujua." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikachukua kisu, nikakaa na wenzangu kumenya vitunguu.

Jumatatu, 10 Machi
Tumezika saa kumi. Niliporudi nilikuta nimeondolewa kwenye kundi. Nimempigia mama, nikamweleza yote. Halafu akauliza kama bibi wa watu alipata wa kumbeba. Nikasema walipokezana mpaka makaburini. Akasema haya, kapike ule.