Mtu wa Kumi na Sita wa Shibwali

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimepewa kazi isiyo na mshahara. Carol, katibu wa klabu yetu ya raga kule Shibwali, amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Klabu inatimiza miaka arobaini mwezi ujao. Wanachapisha kijitabu. Vitabu vya kumbukumbu vililiwa na mchwa zamani, kwa hivyo nimekumbukwa mimi — Zacharia, katibu aliyestaafu, sasa dereva wa familia moja hapa Al-Naseem, Riyadh.

Ati nina kichwa cha kukumbuka na muda mwingi wa kukaa. Hapo kwenye muda wa kukaa amenivunjia heshima kidogo. Lakini leo nimekaa nje ya shule ya watoto wa madam saa mbili na nusu, nikiangalia ukuta. Sina la kujitetea.

Nimekubali. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Kazi iwe imemfikia Jumatatu ya tarehe 24.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeanza, usukani ndio meza. Daftari ni la binti wa madam, lina maua kwenye jalada. Riyadh nzima hakuna dereva mwenye daftari zuri kama hili.

Mwaka 1985: Mwalimu Justus wa michezo anarudi kutoka Nairobi likizoni na mpira mmoja usio mviringo. Watu wakadhani umeharibika. Kiwanda cha sukari kikatoa magogo manne ya mkaratusi yawe milingoti. Moja likaota majani! Kila mwezi kabla ya mechi ilibidi mtu apande na panga akalinyoe. Wageni walidhani ni mila yetu.

Wakati wa mapumziko timu nyingine zilikula machungwa. Sisi tulitafuna miwa, tena iliyochomolewa kwenye trela za kiwanda zikipita barabarani. Hilo nimeliandika, halafu nikalifuta, halafu nikaliandika tena. Kiwanda kilishafungwa. Nani atatushtaki?

Naipenda klabu hii. Nilikuwa nimesahau kwamba naipenda kiasi hiki.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ya mapumziko, nimeandika kurasa nne. Sehemu ya viatu ndiyo imenichekesha mwenyewe, chumbani kwangu huku nyuma ya nyumba, mpaka Maryann wa jikoni akagonga kuuliza kama niko sawa.

Ilikuwa hivi. Klabu ilikuwa na jozi kumi na tano za njumu, sawasawa na watu kumi na tano wa uwanjani, basi. Wachezaji wa akiba walikaa kando ya uwanja miguu mitupu. Ukiitwa utoke, unaketi chini, unavua, anayeingia anavaa. Kwa hivyo hatukubadilisha watu kwa nafasi zao, tulibadilisha kwa saizi. Winga mwepesi wa saizi kumi aliingia kuchukua nafasi ya jitu la mbele la saizi kumi, wengine wakajipanga upya. Kocha mmoja mgeni alituuliza mbinu hii tumeisoma wapi. Norman, nahodha wetu, akamjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba ni siri ya klabu.

Norman. Saba wangu. Mimi jezi nane, yeye saba, bega kwa bega miaka tisa. Alinisimamia harusi yangu na Lydia. Tangu 2014 yuko Jeddah, ni mlinzi wa ghala. Mimi nina miaka sita Riyadh. Barabara ni moja tu kati yetu na sijawahi kwenda kumwona. Yeye pia hajawahi kuniita.

Nimeishia mwaka 2011. Mkono umechoka.

Jumatatu, 17 Novemba

Sijaandika kitu.

Carol ametuma ujumbe mwingine. Anasema kurasa ni tamu, wazee wanasomewa na wanacheka. Halafu: "Na usiache ile stori ya kumi na sita, Zack, itawabamba watu sana, watacheka. Unajua binti ya Norman, Valary, ndiye captain wa timu ya wasichana? Aki akiingia tu uwanjani watu wanaokaa chini ya miti wanaanza kuhesabu. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita! Wanacheka. Lakini ni mgumu, huwa anawapungia mkono tu."

Ana miaka kumi na tisa. Wanamhesabu.

Madam amenikuta nimesinzia na injini inawaka. Akasema niko kama mtu mgonjwa. Nikamwambia mafi, hakuna kitu, niko sawa. Ijumaa tunawapeleka watoto Jeddah kwa dada yake, wiki nzima ya likizo.

Jumatano, 19 Novemba

Haya. Hapa hakuna anayesoma ila mimi.

Septemba 2012. Mechi ya kupanda daraja. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye pia alikuwa meneja wa kiwanda, ametununulia njumu mpya. Jozi ishirini na mbili! Kila mtu ana zake. Wa akiba wamekaa na viatu miguuni kama mabwana harusi. Dakika ya sabini, tuko nyuma kumi na saba kwa kumi na tisa. Wa kando, yule anayeita nambari ya wa kutoka, anaita kwa sauti iliyokauka, Elly wa akiba anaingia mbio. Na kwa kuwa hakuna anayemngojea mtu avue, hakuna aliyetoka. Tukabaki kumi na sita. Miaka ishirini na saba tumehesabu watu kwa viatu, siku viatu vilipotutosha hatukujua kuhesabu.

Tukasukuma skramu yao, lile fungu la kusukumana, mpaka nyuma ya mstari, nikaangukia mpira. Trai yangu, na teke la nyongeza likapita. Ishirini na nne kwa kumi na tisa. Picha yangu ilitundikwa kwenye kantini ya kiwanda.

Jumatano yake wapinzani wakaleta video. Wamehesabu. Ushindi ukafutwa, daraja likaenda. Mwenyekiti akatukusanya: aliyetakiwa kutoka ajitokeze, na kazi ya kiwanda aiage. Wa kando mwenyewe akasema hakumbuki aliita nambari gani. Lydia alikuwa na mimba ya miezi saba. Norman akasimama. Akasema ni yeye.

Ilikuwa mimi. Nambari nane. Nilisahau kutoka. Hakuna aliyeniomba viatu, nikasahau, ikawa hivyo.

Akafukuzwa kazi, akahamishwa nyumba ya kiwanda na mke na Valary wa miaka sita. Mimi nikabaki na mshahara mpaka kiwanda kilipofungwa. Sikumwambia hata asante. Ningemwambiaje asante bila kusema ni ya nini?

Saa hizi nimeandika ukurasa wa 2012 jinsi ulivyokuwa, na jina langu ndani. Lakini siwezi kuupeleka kabla yeye hajausikia. Nimeomba namba yake kwa Carol. Nimemwandikia Norman kwamba nakuja Jeddah. Alama mbili za bluu, amesoma. Hajajibu.

Ijumaa, 21 Novemba

Kilomita karibu elfu moja. Watoto wamelala, wamegombana, wamelala tena. Madam alinipa tende na kahawa Taif, nikanywa nimesimama. Tumefika magharibi.

Norman amejibu. Maneno sita: Bani Malik. Kesho. Uje na chakula.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika nikiwa kwake mtaa wa Bani Malik, ghorofa ya tatu, mkekani. Yeye yuko dirishani anatafuta mtandao. Madam amenipa ruhusa mpaka alasiri.

Alinifungulia mlango akaniangalia kitambi kwanza. "Nane gani hii? Hii ni mbili, bonge la safu ya mbele." Amekuwa na mvi. Tukala kuku na wali kama watu waliotoka mazoezini. Wenzake wanne wa chumba wako kazini. Akauliza habari ya Lydia, ya watoto. Hakuuliza mbona sikuja miaka sita.

Nikamwambia juu ya kijitabu. Akacheka, akaniambia nisome. Nikaanzia 1985. Gogo lililoota majani alilipigia makofi. Kwenye miwa akasema nimesahau siku askari wa kiwanda alipotukimbiza, naye akaishia kucheza kipindi cha pili upande wetu. Kweli! Nikaiongeza pembeni. Kwa nusu saa sisi wawili tulikuwa Shibwali kabisa.

Halafu 2012. Nilisoma bila kuinua macho. Nilipomaliza alikuwa amekunja miguu, anatazama ukuta.

Akasema, "Ilikuwa dakika ya sabini na tano. Si sabini."

Nikasahihisha.

Akasema, "Na mimi sikufanya hivyo kwa ajili yako peke yako. Niliona tumbo la Lydia. Usiandike kama mimi ni malaika."

Nikasema sawa.

"Kingine. Umeandika ulisahau."

Nikaurudia mstari huo kwa kidole.

"Hukusahau, Zack. Mimi nilikuwa ubavuni mwako. Jamaa aliita nane. Ukageuka ukamwangalia. Halafu ukarudisha kichwa ndani ya skramu."

Nimelibeba neno hilo, nilisahau, miaka kumi na tatu mpaka likawa laini, hata humu ndani, daftarini kwangu mwenyewe, ambako hakuna mtu wa kumdanganya, nimeliandika hivyohivyo. Nilisikia. Niliangalia saa ya refa, nikaangalia mstari, nikajiambia dakika tano tu, nani atahesabu. Nilitaka iwe trai yangu. Nimemwambia hivyo. Nimelia, si kidogo. Yeye hakunizuia wala hakunishika bega. Alinisogezea tishu akamimina chai.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema alikuwa akingoja niseme mimi. Mwaka wa kwanza alingoja kwa hasira. Baadaye alizoea. Kinachomuuma sasa si yeye. Ni wanavyomhesabia Valary. "Kila Jumapili ananiuliza, baba, kweli hukusikia ukiitwa? Na mimi namjibu nilisahau. Nimekopa uongo wako, bwana, nikamlishia mtoto."

Nimelikata neno alisahau. Nimeandika juu yake: alisikia, akabaki. Mstari umekaa vibaya, wino umechafua hata jina la Elly. Norman ameusoma, akanirudishia.

Nikasema nitamtumia Carol leo hii. Akasema Carol atangoja. Kwanza Valary, tena asisome kwenye kijitabu mbele ya watu. Nikamwambia basi mpigie, umweleze. Akatikisa kichwa. Halas, basi, zamu yake ya kusema kwa niaba yangu imekwisha, nisome mwenyewe.

Mtandao umepatikana. Madam amepiga mara moja, sijapokea. Norman ameweka simu hapa mkekani katikati yetu, sauti juu, na daftari la maua amelifungua kwenye ukurasa wenyewe. Inaita. Naandika humu huku nikisubiri. Bado inaita.

Amepokea. Anasema, "Baba? Mbona umepiga Jumamosi?"

Norman ananiangalia.